Bwawa na Balbu: Koni na Historia ya Mwanga wa Nyumbani katika Katanga

1. Utangulizi

Historia ya umeme katika Afrika Mashariki na Kati kwa kawaida huandikwa kwa kufuata mabwawa, mitambo na makampuni. Ni nadra kuandikwa kwa kufuata balbu. Ilhali balbu ndiyo sehemu ya umeme ambayo mwananchi wa kawaida huijua kwa karibu zaidi. Huinunua kwa fedha zake, huifunga kwa mkono wake, na inapoungua ni yeye anayebaki gizani. Mtafiti anayetaka kujua umeme ulijengwa kwa ajili ya nani hana budi kuanzia kwenye dari ya nyumba, kisha aufuate waya kurudi nyuma hadi mtoni.

Makala hii inafanya hivyo kwa mahali pamoja, Koni, katika eneo la Likasi, jimbo la Katanga ya Juu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo, juu ya mto Lufira, kuna kituo cha kufua umeme kilichoanza kazi mwaka 1950. Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za Katanga, kama za nchi jirani, zimeziacha balbu za zamani na kutumia zile zinazoitwa LED. Hoja ya makala ni kwamba badiliko hili, ingawa kifaa ni kilekile, lina maana tofauti na ile iliyo nayo Ulaya. Huko, LED imechukua nafasi ya balbu nyingine kwenye waya uleule. Katika Katanga, balbu imeanza kujitenga na waya wenyewe. Sababu ya tofauti hiyo haimo ndani ya balbu, bali katika historia ya mto Lufira.

2. Lufira kabla ya mitambo

Tambarare ya Lufira ilikuwa na uzito wake katika historia hata kabla ya umeme. Wasanga na majirani zao waliyeyusha shaba kwa makaa ya kuni katika tanuri za udongo, na shaba hiyo, hasa ikiwa katika umbo la msalaba, ilitumika kama mali na kama fedha katika eneo kubwa. Katikati ya karne ya 19 alifika M'siri, mwana wa mfanyabiashara wa Kinyamwezi, akajenga dola lake ambalo makao yake makuu yalikuwa Bunkeya. Kupitia kwake shaba, chumvi, pembe na watumwa viliingia katika njia ndefu za misafara zilizofika hadi Bagamoyo upande mmoja na Angola upande mwingine. Njia hizo ni miongoni mwa njia zilizokifikisha Kiswahili Katanga, kabla migodi haijakifanya kuwa lugha ya kazi.

Mwaka 1891 misafara ya Wazungu ilimwandama M'siri mmoja baada ya mwingine. Paul Le Marinel alifika, kisha Alexandre Delcommune, kisha Stairs aliyetokea pwani ya Zanzibar. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 mikononi mwa msafara wa Stairs. Punde baadaye ukafika msafara wa Lucien Bia na Émile Francqui, pamoja na mwanajiolojia Jules Cornet aliyeandika habari za utajiri wa madini wa nchi hiyo. Bia alifia Katanga mwaka 1892.

Majina haya yafaa yakumbukwe, kwani yalirudi miongo michache baadaye yakiwa yamebandikwa juu ya zege. Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa ya Cornet. Kituo cha umeme cha hapo kiliitwa Francqui. Kituo cha Koni kiliitwa Bia. Vile viwili vya mto Lualaba, Nzilo na Nseke, viliitwa Delcommune na Le Marinel. Kwa maneno mengine, kila kituo kikubwa cha umeme cha Katanga ya kikoloni kilibeba jina la mtu aliyeongoza msafara wa kuitwaa nchi. Majina ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, ambayo leo yanaonekana ya kawaida, yalishika nafasi rasmi baada ya uhuru.

3. Umeme kwa ajili ya shaba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba yake ya kwanza ilimiminwa katika tanuri za Lubumbashi mwaka 1911. Tanuri hizo ziliendeshwa kwa makaa ya mawe, sehemu kubwa yakiletwa kwa reli kutoka Wankie, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Gharama ilikuwa kubwa, na kampuni ilitegemea mgodi wa nchi nyingine. Aidha, kadiri madini yenye shaba nyingi yalivyopungua, ilibidi kutumia njia mpya ya kuyeyusha madini kwa tindikali na kuitoa shaba kwa kupitisha mkondo wa umeme katika maji yake. Njia hiyo, elektrolisisi, hutoa shaba safi sana, lakini hula umeme bila kupumzika, usiku na mchana.

Hivyo ndivyo Lufira ilivyoingizwa katika hesabu za kampuni. Kiwanda cha elektrolisisi cha Shituru, Likasi, kilianza kazi mwaka 1929. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha, kilichojengwa na Sogefor, kampuni mshirika wa Union Minière, kilianza kukilisha kiwanda hicho. Bwawa la Mwadingusha lilifanya ziwa pana, leo likijulikana kama Tshangalele. Tambarare ikafunikwa na maji, na kwa watu wengi wa kando yake samaki wakawa riziki mpya. Mahitaji ya shaba yalipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, maji yaleyale yaliyopita Mwadingusha yalitegwa mara ya pili kilomita chache chini zaidi, Koni, kwa mashine tatu zenye jumla ya megawati 42. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikafuata Nzilo, na mwaka 1956 Nseke, kubwa kuliko zote. Mwaka huohuo umeme wa Katanga ulianza kuvuka mpaka kwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakati ambapo bwawa la Kariba lilikuwa bado linajengwa.

Mpangilio huo unasema mengi. Waya wa Koni ulifika Shituru, ukafika Kolwezi, ukafika hata Kitwe, kwa sababu huko kulikuwa na shaba. Haukupangwa kufika katika vijiji ulivyopita juu yake. Kuna jambo jingine linalostahili kuzingatiwa. Shaba iliyosafishwa kwa elektrolisisi ilitakiwa hasa kwa kutengenezea nyaya za umeme, kwani uchafu kidogo tu huzuia mkondo usipite vizuri. Maji ya Lufira, basi, yalisaidia kuwasha taa katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani kwa njia ya shaba waliyosafishia, kabla hayajawasha taa katika nyumba za kando ya Lufira.

4. Nani aliwashiwa taa?

Katika Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, taa ilifuata mipaka ya rangi na ya kazi. Mitaa ya Wazungu ilipata umeme kama haki ya mji. Katika kambi za wafanyakazi, hali ilitegemea kampuni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali, na kwa kufanya hivyo ikasimamia maisha yao hadi ndani ya ua. Umeme ulipofika kambini ulifika kama sehemu ya malezi hayo. Ulikuwa tunu ya mwajiri, si huduma ambayo mwananchi angeweza kuidai. Aliyefukuzwa kazi alitoka kambini, na taa aliiacha nyuma pamoja na nyumba.

Uhuru wa mwaka 1960 haukuigeuza njia ya waya. Katika miaka ya kujitenga kwa Katanga mabwawa yalikuwa silaha ya kisiasa. Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipokaribia Kolwezi, serikali ya Tshombe ilitishia kulipua mitambo ya umeme ya mto Lualaba. Tishio hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alielewa kuwa bila umeme hakuna shaba, na bila shaba hakuna hazina. Mwaka 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa, na kampuni ya taifa iliyozirithi ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1970 lilianzishwa shirika la umeme la taifa, SNEL. Mwaka 1971 jimbo lenyewe lilipewa jina la Kiswahili, Shaba, nalo lilidumu nalo hadi 1997. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi wa kile ambacho dola iliona katika nchi ile.

Mradi mkubwa wa kipindi hicho ulikuwa njia ya umeme kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi. Ina urefu wa takribani kilomita 1,700 na ilianza kazi mwaka 1982. Njia hiyo hubeba mkondo wa moja kwa moja, ambao hauwezi kumegwa kwa urahisi njiani. Kwa hiyo ilipita juu ya miji na vijiji vingi mno bila kuviachia hata taa moja. Koni lilikuwa jambo la mto mmoja. Inga ililifanya kuwa jambo la taifa zima.

Kisha mfumo wote ukadhoofika. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 ilipofika 1993. Mashine za vituo zilichakaa bila vipuri, transfoma ziliungua bila kubadilishwa, na nyaya za shaba na vyuma vya minara vikaibwa na kuuzwa. Watu waliokuwa wamezoea taa katika kambi za Likasi walianza kujifunza upya matumizi ya mshumaa na kibatari. Katika nchi nzima, hadi miaka ya karibuni, ni takribani mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na vijijini idadi hiyo karibu haipo.

5. Maneno ya taa

Lugha imehifadhi historia ya mwanga kwa namna yake. Katika Kiswahili cha pwani, neno "taa" limebeba kila kifaa kilichowahi kutoa nuru, tangu utambi wa mafuta ya nazi hadi balbu ya leo. Chini yake yamejipanga majina ya vifaa vilivyokuja na biashara: kandili, fanusi, chemli, karabai, kurunzi. Kibatari, au koroboi, ndicho kilichobaki kwa maskini, kikitoa moshi mwingi kuliko mwanga. "Umeme" ulikuwa ule wa mawinguni, ukahamishiwa katika waya. Nchini Kenya wengi husema "stima", neno lililotokana na mvuke, ingawa sehemu kubwa ya umeme wao wa karne ya 20 ilitokana na maji.

Kiswahili cha Katanga kilifuata njia nyingine. Kwa kuwa umeme ulifika na mwajiri aliyesema Kifaransa, msamiati wake ulikopwa kutoka Kifaransa: "courant" kwa mkondo, "ampoule" kwa balbu, na "délestage" kwa kile ambacho Tanzania huitwa mgao. Maneno haya hutamkwa kwa matamshi ya Kiswahili na kuambishwa kama maneno mengine ya mjini, kiasi kwamba wasemaji wengi hawayaoni tena kuwa ya kigeni. Neno la kuni zilizochomwa, kwa upande mwingine, limebaki la nyumbani: "makala", yaani makaa. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja nishati ya taa ina jina la kampuni, na nishati ya jiko ina jina la msitu. Tofauti hiyo si ya bahati nasibu, kama sehemu ya saba itakavyoonyesha.

6. Kifaa chenyewe

Balbu ya zamani, iliyoanza kuuzwa baada ya mafanikio ya Edison mwaka 1879, ni jiko dogo ndani ya kioo. Uzi mwembamba, ambao baadaye ulikuwa wa tungsteni, hupashwa moto hadi ung'ae. Karibu asilimia 95 ya umeme unaoingia hutoka kama joto, na kinachobaki ndicho mwanga. Uzi huo hukatika baada ya muda, na muda wenyewe haukuachwa kwa maumbile peke yake: mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na aliyekiuka akatozwa faini.

LED haina uzi. Ni kipande kidogo cha semikondakta, yaani kipitishi nusu, ambacho hutoa nuru mkondo unapokatiza mpaka uliopo kati ya tabaka zake mbili. Nick Holonyak alitengeneza ile ya kwanza ya nuru nyekundu inayoonekana mwaka 1962 nchini Marekani. Kwa miongo mitatu LED zilibaki vitone vyekundu na vya kijani kwenye redio na mashine, kwa kuwa nuru nyeupe haikuwezekana bila ya bluu. Kikwazo hicho kiliondolewa na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura nchini Japani, na mwaka 1993 Nakamura alitangaza LED ya bluu yenye nuru kali. Ilipopakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa manjano, macho yaliona nyeupe. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Matokeo yake kwa nyumba ni rahisi kuyahesabu. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya uzi ya wati 60, na iliyotengenezwa vizuri huweza kudumu saa 15,000 au zaidi. Megawati 42 za Koni, zikitolewa zote, zingeweza kuwasha balbu za uzi 700,000 kwa wakati mmoja. Kwa balbu za LED, idadi hiyo hupita milioni nne na nusu. Kabla ya LED iliwezekana kudai kwamba umeme wa Lufira ni mchache mno usiweze kugawanywa kati ya shaba na watu. Baada ya LED dai hilo haliwezi kusimama. Sehemu ndogo tu ya kile kinachofuliwa Koni ingetosha kuwasha kila chumba cha Likasi.

7. Kwa nini Katanga imeipenda

Katika Umoja wa Ulaya balbu za uzi ziliondolewa sokoni kwa amri, hatua kwa hatua, kuanzia mwaka 2009 hadi 2012. Uganda na Kenya zilitumia njia ya kampeni mnamo mwishoni mwa muongo huo na mwanzoni mwa uliofuata: balbu za kubana matumizi, zile za florisenti, ziligawiwa nyumbani bure ili kupunguza mzigo wa mitambo. Balbu hizo nazo zimepitwa, kwa kuwa zina zebaki. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya aina zake za kawaida ifikapo 2025.

Katanga haikuhitaji amri wala kampeni. Soko lilitosha. Balbu kutoka viwanda vya China hushushwa katika bandari za bahari ya Hindi, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya zile kubwa, kisha hubebwa kwa malori kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, na kutoka hapo hadi Lubumbashi na Likasi. Bidhaa za pwani bado zinafika Lufira, kama zilivyofika siku za M'siri, ila sasa ni nuru inayosafirishwa.

Sababu za kupendwa kwake ni tatu. Ya kwanza ni ubovu wa umeme wenyewe. Pale volteji inaposhuka jioni kwa kuwa transfoma moja imebebeshwa mitaa mingi, balbu ya uzi hufifia hadi kuwa kaa jekundu, na volteji inapopanda ghafla hukatika. Balbu nyingi za LED zina saketi ndogo inayovumilia volteji za chini na za juu, hivyo huendelea kuwaka pale nyingine zinaposhindwa. Ya pili ni betri. Balbu za LED zenye betri ndani hujichaji umeme unapokuwapo na huwaka zenyewe unapokatika. Kifaa hiki hakikuwezekana wakati wa balbu ya wati 60, ambayo ingeimaliza betri hiyo kwa dakika chache. Taa ya wati 3, kwa betri ndogo ya wati-saa 10, huwaka zaidi ya saa tatu, muda unaotosha mtoto kusoma na mama kumaliza kazi zake.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi. LED imeiwezesha taa kuachana na bwawa kabisa. Paneli ndogo ya jua, betri na balbu mbili tatu huweza kuwasha nyumba ambayo haijawahi kufikiwa na waya. Katika Kenya, ambako mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia ulianza majaribio yake baada ya kuzinduliwa mwaka 2007, na ambako kampuni kama M-KOPA zilianza mwaka 2012 kuuza taa za jua kwa malipo ya kidogokidogo kwa simu, njia hii ilipewa muundo wa biashara. Katika Katanga imeenea zaidi kwa mkono wa mchuuzi. Wachimbaji wadogo wa Likasi na Kolwezi, wanaoshuka mashimoni na taa ya LED iliyofungwa kichwani, ni mfano ulio wazi. Shimo wanalochimba huenda limo ndani ya eneo lenye waya wa umeme mkubwa, lakini nuru wanayofanyia kazi huibeba wenyewe.

Kwa wanaoishi mwishoni mwa waya mmoja, somo hili si geni. Zanzibar, inayopata umeme wake kupitia kebo ya chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, ilikaa gizani takribani mwezi mmoja mwaka 2008, kisha takribani miezi mitatu kati ya Desemba 2009 na Machi 2010. Tofauti ni kwamba Unguja iko mbali na mitambo inayoilisha. Katanga giza limekaa mlangoni pa mitambo yenyewe.

8. Kile ambacho balbu haiwezi

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuihesabu LED kuwa ndiyo suluhisho la dhuluma iliyoelezwa hapo juu. Mwanga ni sehemu moja tu ya umeme, na ndiyo sehemu inayotaka nguvu kidogo kuliko zote. Paneli iliyo juu ya paa haisagi mahindi, haichomelei chuma, haihifadhi chanjo za zahanati ya kata nzima, wala haipiki ugali. Katika kupika, nyumba nyingi za Likasi na za vijiji vya Lufira hutegemea makala, na misitu ya miombo imesogezwa mbali na miji kwa sababu hiyo. Familia inaweza kuwa na taa nyeupe isiyotoa moshi, huku chakula chake kikiivishwa kwa njia ileile iliyotumiwa na wayeyushaji wa shaba kabla ya M'siri. LED imebadilisha saa za jioni. Jiko bado halijaguswa.

Kuna hatari nyingine, ya kisiasa. Mtu anapojinunulia mwanga wake, madai yake kwa shirika la umeme hupungua sauti. Gharama ambayo zamani ilikuwa ya mwajiri, na baada ya uhuru ikatarajiwa kuwa ya dola, sasa imehamia mfukoni mwa mwenye nyumba. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kuyafungulia mlango makampuni binafsi. Fedha kubwa zilizokuja baadaye zimefuata njia ileile ya zamani. Ukarabati wa Mwadingusha, uliokamilika mwaka 2021 na kukifikisha kituo hicho megawati 78, uligharimiwa na mradi wa mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, ili mgodi huo mpya upate umeme. Ni kweli kwamba mitambo ilinusurika kwa njia hiyo. Lakini mantiki yake ni ileile ya 1930: maji ya Lufira kwa ajili ya shaba, na ziada, ikipatikana, kwa ajili ya watu.

Si hayo tu. Betri na saketi za taa hizi zinapokufa hazina mahali pa kwenda, na huishia katika majalala ya mitaa. Shaba, na katika baadhi ya betri kobalti pia, ni madini ambayo Katanga huyauza nje kwa wingi kama mali ghafi. Yanarudi yakiwa balbu, na bei yake hupangwa kwingine.

9. Hitimisho

Kumekuwa na desturi ya kueleza uchache wa taa katika Afrika kwa uchache wa mitambo, fedha au utaalamu. Historia ya Koni inaonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mitambo ilikuwapo, fedha zilikuwapo, na utaalamu ulikuwa wa hali ya juu. Yote yalielekezwa kwingine kwa makusudi, na mwelekeo huo ulidumu chini ya kampuni ya kikoloni, chini ya kampuni ya taifa, na chini ya wawekezaji wa karne hii.

Balbu ya LED imefanya mambo mawili katika historia hiyo. Imewapa wakazi wa Katanga mwanga bila kusubiri waya, na hilo si jambo dogo kwa mtoto anayesoma au kwa mkunga anayepokea mzazi usiku. Pia imekifanya kiasi cha umeme kinachohitajika kuwasha nyumba kuwa kidogo mno, hata kisingizio cha uchache kikaondoka. Watafiti wa historia ya jamii wanahitaji sasa kuyachunguza mambo haya kutoka upande wa nyumba: kukusanya kwa Kiswahili cha Katanga kumbukumbu za waliokulia kambini na za waliokulia chini ya minara, lini taa iliwaka, lini ilizimika, na nani aliilipia. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1950, mashine za Koni zilipoanza kuzunguka, wanazidi kupungua, na simulizi zao hazimo katika ripoti za makampuni.